Kiti Kilichoacha Kulia

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wasomi wote walio hai na waliokwisha kusahauliwa, kwa wakuu wa vitivo, kwa wenye majoho na walioyaazima, kwamba lile swali lililowanyima usingizi wanafalsafa tangu Ugiriki ya kale mpaka Ujerumani ya juzi, yaani, je, kitu kikibadilishwa kila kipande chake, hicho ni kitu kilekile au ni kingine, sasa limepata mtu wa kulijibu. Mtu huyo ni fundi makochi. Karakana yake iko nyuma ya duka la vioo, na ukiingia bila kuangalia utakanyaga springi. Jibu lake kamili limewekwa mwishoni mwa habari hii, na msomaji anaombwa asiruke kwenda kulitazama. Mwenyewe alilifikia kwa njia ndefu, tena kwa hasara.

Majirani humwita Fundi Huenda. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, limo kwenye kitambulisho, lakini hata mkewe akilisikia hugeuka kutazama ni nani aliyeingia. Hilo la Huenda alilipata kwa haki. Ukimuuliza kochi lako litakuwa tayari kesho, hujibu, "Huenda," kisha huweka mkasi chini, dalili mbaya, na kuongeza, "Lakini kwanza tukubaliane kesho ni kitu gani." Wateja wapya walidhani ni mtu wa dini. Wateja wa zamani walikuja na kitu cha kusoma.

Ugonjwa huo aliupata chuo kikuu, ambako hakuwahi kusoma. Alipewa kazi ya kuvika upya viti vya ukumbi wa mihadhara, maana wanafunzi walikuwa wamevichana kwa kalamu, kwa funguo na kwa uchovu wa kusikiliza. Ukumbi haukuweza kufungwa muhula mzima, na asubuhi zote zilikuwa za somo la falsafa. Basi mhadhiri wa falsafa, mtu mwembamba mwenye koti lililotoboka kwenye viwiko, akakubaliana na Fundi hivi: nusu ya kwanza ya kila mhadhara, wakati yeye anaeleza mawazo ya bingwa wa siku hiyo, Fundi akate vitambaa na kupima, kimya. Nusu ya pili, wanafunzi wakianza kuinuka kupinga na kubishana, apige nyundo atakavyo.

"Wakishaanza hao," mhadhiri alisema, "nyundo yako ndiyo itakayokuwa na mantiki."

Ulikuwa mzaha, na mzaha huo ulimharibu mtu. Kwa muhula mzima Fundi alisikia kila dai na hakusikia pingamizi hata moja.

Alimsikia Mgiriki mmoja akidai kwamba kila kitu kinatiririka, kwamba mto unaouingia leo si ule wa jana na wewe unayeuingia si yule. Mwanafunzi fulani aliinuka kuuliza, basi yule aliyeahidiwa jambo jana amtafute nani leo, lakini nyundo ilikuwa imeshaanza: ta! ta! ta! Wiki iliyofuata alimsikia Mgiriki mwingine akidai kinyume, kwamba kilichopo kipo tu, hakiji wala hakiondoki, na mabadiliko ni uongo wa macho. Fundi alishangaa kidogo, ila alikuwa na misumari mdomoni, hakuweza kuuliza. Kisha wakaja wafungwa wa pango, watu waliofungwa wakitazama ukuta tangu utoto, wakaona vivuli vikipita na kuviita ulimwengu. Hao aliwapenda kuliko wote. Alitoka nao mjini kama mtoto aliyepewa filimbi, na tangu siku hiyo kila aliyebishana naye, awe karani wa maji au mama mkwe, alikuwa mfungwa wa pango.

Akaja Mfaransa aliyetilia shaka kila kitu, meza, mikono yake mwenyewe, mpaka akabaki na ile shaka tu kama mtu aliyefukuza wageni wote akagundua kwamba bado yumo ndani. Huyo huyo alichukua donge la nta akalisogeza motoni: likapoteza harufu, rangi na umbo, na bado akasema ni nta ileile, na kwamba si macho yaliyomwambia hivyo bali akili. Akaja askofu aliyesema kitu kuwapo ni kuonwa au kusikiwa na mtu. Akaja Mskoti aliyesema hakuna aliyewahi kuiona sababu: tunaona hili, kisha lile, na mazoea yanamalizia hadithi. Mwisho akaja Mjerumani aliyesema kitu chenyewe kama kilivyo hatukifikii kamwe, tunakipata kikiwa kimeshavalishwa na akili zetu. Hilo Fundi alilielewa upesi kuliko mwanafunzi yeyote ukumbini. Kuvalisha ndiyo kazi yake.

Viti vikaisha, Fundi akarudi nyumbani na falsafa yenye matundu ya misumari.

"Nani ameacha mlango wazi, paka akaingia kwenye samaki?" mkewe aliuliza jioni moja.

"Mke wangu, tunachojua ni kwamba mlango ulikuwa wazi, kisha samaki hayupo. Kwamba hili limesababisha lile, hilo hakuna jicho lililowahi kuliona."

"Na wewe utakula nini?"

"Huenda..."

"Basi hiyo huenda ndiyo mboga yako leo. Chukua kisu, uikatie vitunguu."

Yalikuwa mambo ya kucheka, na watu walicheka. Hata alipowaahidi watoto wake kuwapeleka kuogelea na siku ikapita, aliwaambia kwamba baba aliyeahidi amekwenda na mto wake, wakacheka. Baadaye waliacha kumdai ahadi. Yeye akadhani wamekua.

Halafu dada yake akaja na kiti cha mama.

Dada huyo ndiye mkubwa wake wa pekee, na alimfunga kamba za viatu mpaka asubuhi Fundi alipooa. Kiti chenyewe hakikuwa cha kujivunia. Kilikuwa kiti chenye mikono, cha mbao nyekundu, kitambaa cha kijani chenye maua ambayo kwa kukaliwa yalikuwa yamegeuka madoa, na springi zilizochoka upande mmoja. Mama yao alikuwa msafishaji wa maofisi, na alikipata siku ofisi moja ilipobadilisha samani. Wakati huo waliishi chumba kimoja kilichogawanywa na pazia: huku kitanda cha watoto, kule jiko, taa na kiti. Kila jioni mtoto mdogo alilazwa upande wa kitanda, na akiwa chali aliona kwenye pazia kivuli cha mama, kilemba kichwani, akasikia kiti kikilia kwa namna yake. Nyii-nyii, fupi mbili. Kimya. Kisha nyiiii moja ndefu. Hapo alijua mama yupo, akalala.

Mama alipofariki kiti kikaenda kwa dada, wala hakikuwahi kumpa shida, mpaka mkono wa kulia ulipochanika.

"Shona hapa," alimwambia Fundi, akionyesha kwa kidole. "Hapa tu."

"Lakini dada, hizi springi..."

"Hapa tu, mdogo wangu. Kingine usiguse."

"Na huu mlio?"

"Mlio umekukosea nini?"

Dada akaenda zake. Na huo ulikuwa uzembe wake, kama kuna uzembe wake katika habari hii, maana alimwachia mlevi ufunguo wa baa.

Fundi alianza kushona mkono wa kulia kama alivyoagizwa. Kiraka kipya kilikaa juu ya kitambaa kizee kama jino la bandia, naye ni mtu mwenye jina lake mjini, akaona aibu. Akabadilisha kitambaa chote. Kitambaa kilipotoka, sufi ya ndani ilikuwa imejaa vumbi, akaitoa. Sufi ilipotoka, zikaonekana springi. Chini ya springi fremu ilikuwa imeliwa na wadudu, na fremu ikibadilishwa huwezi kuiacha kwenye miguu ile. Hakuwa na nia mbaya. Kila hatua ilikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa nzuri. Mwisho akakifikia kigingi cha mbao kilichounga egemeo na kitako, kidogo kama kidole gumba, kimelika upande mmoja. Hicho ndicho kilichokuwa kikilia. Fundi makochi hawezi kukipita kiti kinacholia, sawasawa na mama asivyoweza kumpita mtoto mwenye kamasi. Alikitoa, akakitupa kwenye boksi la vipande, akaweka kingine, gundi na skrubu juu yake.

Dada alipokuja, kiti kilikuwa kinang'aa. Alikaa. Akaegemea. Akasubiri. Akaegemea tena, kwa nguvu kidogo, kama mtu anayemgusa bega mwenzake aliyelala.

"Kiti cha mama kiko wapi?" aliuliza.

Hapo mtu yeyote angesema pole, dada. Mtu yeyote ambaye hajawahi kutandaza vitambaa chini ya mhadhara wa falsafa. Fundi alifuta mikono kwenye aproni, akavuta pumzi.

"Swali zuri sana, dada. Kuna Mgiriki mmoja. Yeye angekwambia kiti chako kilikuwa kinabadilika hata pale kwako, kila siku, vumbi kwa vumbi. Kwa hiyo kiti cha mama, ukitazama kwa undani, hukuwahi kuwa nacho. Huenda ulichokipenda ni kivuli tu, kama wale wafungwa wa..."

"Nimekuuliza kiti."

"Na ndicho ninachokijibu! Kiti ni nini? Ni mbao? Ni umbo? Chukua nta..."

"Mama yuko kaburini, na wewe unaniambia nichukue nta." Alisimama. "Vipande vyake viko wapi?"

"Vipande ni vipande tu, dada. Vingine vimeshapata kazi kwingine."

Dada alimwita mwenye mkokoteni, kiti kikapakiwa. Mlangoni aligeuka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo sauti ya kawaida ndiyo iliyokuja kumsumbua Fundi miaka yote iliyofuata:

"Na ulikuwa mtoto mwenye akili."

Yale yaliyojibiwa ukumbini siku ya mhadhara wa nta, Fundi hakuyasikia. Msichana mmoja wa safu ya nyuma aliinuka akasema, sawa, tumeuliza mbao na tumeuliza umbo, mbona mwenye kitu hatumuulizi yeye alikitambua kwa kitu gani? Mhadhiri alikiri kwamba hilo ni gumu. Fundi alikuwa chini ya viti, anapigilia.

Dada hakugombana naye. Angegombana ingekuwa nafuu. Salamu zikawa zinapitia kwa wifi, yaani mke wa Fundi. Kwenye misiba na harusi walikutana, na dada alimsalimu vizuri, kama anavyosalimiwa mkaguzi. Kile kiti kipya alikiweka kona ya chumba, akakifunika shuka, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Hakuzuia mtu kwa ukali. Alisema tu, "Hicho hakina mwenyewe."

Fundi akapunguza maneno taratibu, bila kutangaza. Mtu akiuliza kochi litakuwa tayari lini, alisema Ijumaa, na Ijumaa lilikuwa tayari. Majirani wakaona amezeeka.

Alasiri moja mkewe alikuwa akianua nguo, yeye ameshika mfuko wa vibanio.

"Wifi yangu masikio yanaziba," mkewe alisema. "La kushoto limekwisha. La kulia, daktari kasema linaaga."

"Linaaga lini?"

"Sasa mimi nimuulize sikio?"

Fundi alitazama chini kwa sababu hakuwa na pengine pa kutazama, akauona mfuko mikononi mwake. Kitambaa cha kijani. Maua yaliyogeuka madoa.

"Huu mfuko umeutoa wapi?"

"Kwenye boksi lako la vipande. Miaka yote unaushika, leo ndiyo unauona?"

Alikaa chini pale pale, kwenye majani, na vibanio vikamwagika. Mkewe alidhani ni moyo. Alipoona ni kilio, akageuka akaendelea kuanua nguo, maana alimjua, na alijua angependa asionwe.

Mpango wake ulikuwa mwepesi kuusema. Akusanye vipande vya kiti cha mama vyote, akiunde upya, dada akikalie na akisikie kikilia kabla sikio halijafunga. Basi. Hakutaka kitu kingine duniani.

Fremu alikuwa nayo: aliigeuza rafu, ilibeba makopo yake ya gundi. Zile springi zilikuwa kwenye benchi la kusubiria la daktari wa meno, ambaye alizitoa bila ubishi, kwa kuwa wagonjwa wake walikuwa wakilalamikia kitako kabla hata ya jino. Miguu ndiyo ilikuwa na kesi. Ilikuwa kwa kinyozi, chini ya kiti cha wateja, na Fundi alimkuta kinyozi akimnyoa mtu, povu mpaka masikioni.

"Nimekuja kuchukua miguu yangu," Fundi alisema.

"Mguu upi? Unayo miwili naiona."

"Ya kiti. Niliyokuwekea mwaka ule. Nitakupa mingine, mizuri zaidi."

Kinyozi alisimamisha wembe hewani. Alikuwa amengoja nafasi hii muda mrefu.

"Ngoja, ngoja. Wewe si ndiye uliyenifundisha hapahapa kwamba kiti cha jana siyo cha leo? Basi miguu uliyoniletea imeshapita na mto. Hii ni mingine. Hii ni yangu."

"Nilikosea."

"Hee!" Kinyozi akamgeukia aliyekuwa ananyolewa. "Mzee, umesikia? Fundi Huenda kasema amekosea. Hajasema huenda amekosea. Kakosea!"

"Nimesikia," mteja alijibu ndani ya povu. "Malizia shavu kwanza, ndiyo mng'oe kiti."

Kinyozi alicheka peke yake, kisha akaona uso wa Fundi, akaacha. Jioni aliileta miguu mwenyewe begani.

Kikabaki kigingi. Boksi la vipande alilimwaga chini akalichambua mpaka macho yakamuuma, hakipo. Alitafuta chini ya makochi, ndani ya viatu vya kazi, kwenye kopo la skrubu. Alikiona siku upepo ulipovuma. Dirisha la karakana lilikuwa na tabia ya kugongagonga, na mwaka fulani alikuwa amelichomeka kijiti kulinyamazisha. Kile kilichokuwa kikilia kwa mama kilikuwa kimewekwa hapo kuzuia kelele.

Sasa alikuwa na kila kitu. Aliunda kiti, akarudisha hata sufi na kitambaa vilivyobaki kwenye boksi, mfuko wa vibanio ukafumuliwa na kurudi egemeoni mahali pake. Akakaa. Akaegemea.

Kimya.

Akaegemea tena. Kimya kama cha benki. Mikono yake haikujua kuunda kiti kibovu. Miaka yote ilikuwa imefundishwa kubana, kulainisha, kukaza, na hata pale alipokusudia kulegeza, ikakaza yenyewe bila kumuuliza. Alifumua akaunda upya. Kimya. Alifumua tena. Mkewe alimletea chai akamkuta amekaa, anajitupa nyuma na kurudi kama mtu anayejaribu kuwasha pikipiki.

"Watu wanakuletea viti vinavyolia uvinyamazishe," alisema. "Leo unakibembeleza kiti kilie."

"Kilikuwa kinalia, mke wangu. Vipande ni vilevile. Vyote!"

"Basi kipeleke hivyohivyo. Wifi juzi nimemwita nikiwa nyuma yake, hakugeuka."

"Siwezi kumpelekea kiti kisicholia mara ya pili."

"Unachelewa, baba watoto."

"Bado kidogo tu."

Hiyo bado kidogo ilikula wiki, kisha mwezi. Kosa alilijua asubuhi moja akiwa anaosha brashi. Kiti cha mama hakikuwahi kuwa na gundi. Wala skrubu. Kilishikiliwa na kigingi kitupu, na yeye kila alipokiunda alikipaka gundi bila kufikiri, kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Alikwangua gundi yote kwa patasi, akachomoa skrubu, akachomeka kigingi kikavu. Akaegemea.

Nyii.

Alimtuma mkewe mbio kwa dada.

Dada alikuja siku hiyo hiyo, ameshikwa mkono na wifi yake, kilemba kichwani. Alikuwa amepungua. Fundi alianza kuongea kabla hajaingia vizuri, na dada akamtazama midomo kwa makini, uso wa mtu anayesoma bango kwa mbali, kisha akamtazama wifi.

"Anasemaje?"

"La kulia nalo lilifunga wiki jana," mke wa Fundi alisema taratibu. "Nilikuja kukuambia, wewe ulikuwa kwenye gundi, ukasema bado kidogo."

Fundi alisimama na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi. Alisogeza kiti, akakifuta mahali palipokuwa safi.

Dada alikitazama. Akapitisha kiganja kwenye kitambaa cha kijani, akagusa kipande kilichokuwa mfuko wa vibanio, akakaa. Akaegemea. Kiti kikalia vizuri kabisa, mlio wote, karakana nzima ikasikia isipokuwa mmoja.

"Kinalia?" aliuliza kwa sauti kubwa ya watu wasiojisikia.

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Kweli? Au ni yale mambo yako?"

Hapo Fundi alipata kujua gharama ya kila huenda aliyowahi kuitamka. Alikuwa na jambo moja la kweli, la kweli kama msumari, na hakuwa na sifa ya kulishuhudia. Aliweka mkono kifuani. "Kinalia, dada," alisema, polepole, midomo wazi. Dada alimtazama muda, akamgeukia wifi. Wifi naye akaitikia. Hapo ndipo dada akasema, "Haya."

Fundi alikwenda nyuma ya pazia la stoo ya vitambaa, akidai anatafuta kitu cha kuwekea miguu. Alihitaji kuwa mahali pasipo na watu. Jua la dirishani lilikuwa limeangaza pazia lote. Akiwa amesimama pale akasikia: nyii-nyii, fupi mbili. Kimya. Kisha nyiiii moja ndefu.

Aliinua macho. Kwenye pazia kulikuwa na kivuli cha mama, kilemba kichwani, kinaegemea.

Alilisukuma pazia kwa nguvu mpaka pete zikaanguka. Alikuwa dada, amekaa, anaegemea kwa mtindo uleule, macho ukutani, hasikii hata kidogo anachokifanya.

Fundi alipita mbele yake, akapiga magoti ili aonekane midomo. "Huo mtindo. Mbili, halafu moja. Ni wa mama."

"Wa nani?"

"Wa mama! Jioni. Nikiwa kitandani."

Dada alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyevaa shati kinyume.

"Mama hakukaa kwenye kiti hiki jioni hata moja, mdogo wangu. Jioni alikuwa kazini, anapiga deki. Wewe ulikuwa unalia, hutaki kulala mpaka umsikie. Nikawa navaa kilemba chake, nakaa karibu na taa. Mbili, napumzika, moja. Ukinyamaza naenda kuosha vyombo."

"Mbona hukuniambia?"

Hilo alilisoma mdomoni bila shida. "Ungelala?"

Fundi alibaki magotini. Alikuwa ameugawa mji mzima kuwa wafungwa wa pango, kuanzia karani wa maji. Na kumbe mlio aliounyamazisha kwa gundi na sababu nzuri haukuwa sauti ya mama. Ilikuwa sauti ya huyu dada, ndiyo maana aliegemea mara mbili siku ile, akingoja mlio wake mwenyewe. Hakuwa anamtafuta marehemu.

Alisimama akaenda nyuma ya kiti kukishika egemeo, maana uso ulikuwa umeshamponyoka, na akiwa pale nyuma akasema, "Nisamehe, dada." Alilisema vizuri, neno zima, bila nyongeza. Kisha akakumbuka anaongea na kisogo cha mtu asiyesikia.

Dada aligeuza kichwa. Huenda alihisi pumzi. "Umesema kitu?"

Mkewe alimtazama Fundi kutoka mlangoni, akimsukuma kwa macho: sema, mwanamume. Fundi alifungua mdomo. Mdomo uliokuwa umewafafanulia wateja kesho ni nini ukakosa cha kufanya na neno moja. Akatikisa kichwa.

"Nilidhani," dada alisema, akaomba apakiliwe kiti chake.

Alikichukua kikuukuu, na siku ya pili mkokoteni ukaleta kile kipya kilichokuwa chini ya shuka, bila ujumbe. Kikabaki karakanani. Fundi amekwenda kwa dada mara kadhaa tangu hapo, na kila akienda huwa na lile neno. Anamkuta dada amekaa, anaegemea, mbili, kisha moja, na wanakunywa chai, na anarudi nalo.

Yule mhadhiri, ambaye sasa amestaafu na anatembea na mkongojo, alipita karakanani juzi kuulizia bei ya mto wa kuegemea. Mke wa Fundi ndiye aliyemsimulia yote, kwa urefu, na mwanachuoni akasikiliza huku macho yakiwaka kama ya mtu aliyeona nzige wa ajabu. Alipomaliza alikaa kwenye kile kiti kipya, akainua mkongojo, akatangaza kwa sauti ya ukumbini kwamba hakuna chuo kilichowahi kulifanya jaribio hili kwa mbao na misumari: viti viwili, kimoja chenye historia yote bila kipande hata kimoja, kingine chenye vipande vyote vilivyokwisha kutawanyika na kurudi. Wakubwa wa fikra wamekufa wakilitamani. Na mtu wa pekee duniani mwenye haki ya kulihukumu amesimama mbele yake na sindano mdomoni.

"Basi tuambie, Fundi," alisema, na safari hii alinyamaza kabisa ili asikie. "Kiti cha mama ni kipi?"

Fundi alitoa sindano mdomoni.

"Sijui, Mwalimu. Inuka kidogo, umekalia nyundo yangu."